Mpimaji na Mgahawa wa Mama Mkwe

Walimwita Futi, kwa sababu hakuwa na neno asilolipima kwanza. Miaka kumi na tisa alikuwa mpimaji wa idara ya barabara, mtu wa viatu vya vumbi na penseli nyuma ya sikio, na hakuwahi kuchelewesha ramani hata moja. Ila hii ya barabara ya mchepuko ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Barabara kuu ilikata katikati ya mji wao mdogo. Malori yalibanana na mikokoteni ya sokoni, na mwaka ule watu wawili waligongwa mbele ya zahanati. Dawa ilikuwa moja: malori yazungushwe nje ya mji. Mstari wa barabara hiyo mpya Futi aliuchora kwa mkono wake. Balaa ni kwamba mgahawa wa mama mkwe, uliomsomesha mkewe hadi chuo cha ualimu, uliishi kwa madereva wa malori hayohayo.

"Mwambie wewe, mama watoto," alimsihi mkewe.

"Kwani nimechora mimi?" mkewe alijibu, hakuinua hata macho kutoka kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Nenda. Na usiende mikono mitupu."

Akaenda Jumamosi asubuhi na kilo mbili za sukari. Mama mkwe alikuwa akimenya vitunguu. Futi akatandaza ramani mezani, akakohoa, akaanza kuzunguka mbuyu: habari za afya, habari za mvua.

"Baba, sema tu. Nimezeeka, sijawa kiziwi."

Akasema. Mama akajifuta mikono kwenye aproni, akaufuata mstari kwa kidole mpaka ukingo wa karatasi.

"Mmoja wa wale waliogongwa alikuwa mteja wangu," alisema. "Sitakuzuia. Lakini dereva aliyeshika usukani tangu alfajiri atapumzika wapi? Wakifika kwangu macho mekundu kama pilipili. Unawatoa hapa wakasinzie huko?"

Futi aliitazama ramani. Kilomita arobaini, hakuna hata pa kusimama.

Miezi minne alihangaika na barua na vikao, hadi mhandisi mkuu akakubali uwanja wa maegesho na safu ya vibanda kando ya barabara mpya. Vibanda vikagawiwa kwa kura. Mama mkwe akaokota cha mwisho kabisa, ubavuni mwa vyoo.

"Mkwe anachora barabara, mimi napewa choo!" alilalama mbele ya kadamnasi.

Hata mkewe alimnong'oneza abadilishe. Futi akakataa katakata, na mama mkwe akamnunia mwaka na ushei.

Kumbe anayeegesha lori jambo la kwanza hukimbilia msalani, na akitoka hukutana na harufu ya chapati. Siku hizi mama ameajiri wasichana wawili na bado mikono haitoshi. Futi akipita kwenda kazini, chai humiminwa kabla hajaketi, na huulizwa hali ya wajukuu mmoja mmoja.