Picha Nyepesi ya Mazishi ya Valerian

Apolonia Cornel amepiga video harusi nyingi za Kharumwa mpaka hakuna tena bibi harusi anayemwonea haya. Atasimama mbele ya uso wa mtu na kamera yake, atamwambia "inua kidevu," na mtu atainua, hata awe mama mkwe. Alizaliwa Ushirombo, akajifunza kazi kwenye studio moja ya picha mjini Shinyanga, akaolewa Kharumwa na seremala aitwaye Edson, na chumba ambacho kingekuwa sebule akakifanya ofisi. Wageni wakija hukaa jikoni. Edson alilalamika mwaka mzima, akachoka, na siku hizi ni yeye anayewaonyesha wageni njia ya jikoni.

Kabla ya haya ninayosimulia, adui wake mkubwa alikuwa kompyuta. Alinunua kamera mpya ya HD, picha zake kali kiasi cha kuhesabu shanga shingoni mwa mtu, lakini kompyuta ya nyumbani ilibaki ile ile ya zamani. Akiilisha kazi ya kamera mpya, inakwama: padri ameshasema "amina" huku midomo yake ndiyo kwanza inafunguka. Akajaribu kubadili mafaili yote yawe ya aina inayotembea laini. Yakatembea kweli, ila yakavimba, video ya sendofu moja tu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ikajaza diski nzima. Mwishowe akashika njia ya tatu. Kila picha nzito aliitengenezea nakala nyepesi, ndogo, yenye ukungu kidogo na jina lile lile. Anakata na kupanga kwenye nyepesi bila kompyuta kununa, na kazi ikiisha anabonyeza kitufe kimoja, programu inarudi kwenye nzito na kukata pale pale alipokata yeye. Aliipenda njia hiyo kwa sababu haikuwa na maajabu. Nyepesi ni nzito iliyopunguzwa, basi. Haiwezi kuwa na kitu ambacho nzito haina.

Mwezi wa pili mwaka huu duara moja liliporomoka. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao la dhahabu. Kifusi kilimfunika Valerian, mtoto wa pekee wa Juliana, mjane anayekaa nyumba ya pili kutoka kwa Apolonia, ambaye wote humwita mama Valerian. Walimtoa siku ya tisa. Apolonia alikuwepo na kamera, maana ukoo ulitaka ndugu walio mbali waone kila kitu, na turubai lilipofunuliwa alikuwa karibu kuliko alivyotaka. Alizima kamera. Hakumwambia mtu alichokiona, hata Edson, na mwezi mzima hakugusa nyama. Wazee wa ukoo wakaamua jeneza lisifunguliwe.

Huku kwetu video ya msiba ni kuaga. Mpiga video husimama kichwani mwa jeneza, watu wanapita mmoja mmoja, wanautazama uso wa marehemu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo ndugu huirudia miaka na miaka. Mama Valerian alinyimwa hiyo. Wanawake wawili walimshika mikono, wakamwambia avumilie, akavumilia mpaka matanga yalipoanuliwa. Kesho yake asubuhi akaja kwa Apolonia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukuharakisha. Nina swali moja tu. Katika picha zako zote, hakuna mahali uso wake upo? Hata kidogo?"

"Hakuna, mama. Pole sana."

"Sikumuaga, Apolonia. Nimezika sanduku." Akasimama mlangoni, akijifunga na kujifungua kanga. "Hebu tazama tena."

Alhamisi ya wiki ile ile, saa tisa mchana, jua likiwaka na kuku wamejilaza kivulini, Apolonia alikuwa akipanga sehemu ya kutupia udongo kaburini. Kwenye picha nyepesi watu walikuja kwa mstari, wakainama, wakachukua udongo kiganjani, wakatupia, wakapita. Baada ya katekista Selestine kupita, akamwona mwanamume mwenye jezi ya bluu. Hakuwa kwenye mstari. Alisimama ukingoni mwa kaburi, mgongo kwa kamera, ameinamisha kichwa anatazama chini shimoni. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, kama la Valerian tangu alipoanza kubeba viroba vya mawe. Apolonia alikumbuka vizuri mahali pale. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo, na hapakuwa na mtu.

Akafanya ambalo fundi yeyote angefanya: akabonyeza kitufe kurudi kwenye picha nzito. Ikaja, safi, punje za udongo zinaonekana moja moja. Mwanamume hayupo. Pale alipokuwa pana nafasi tupu, upana wa mtu mmoja, na kila aliyefika hapo aligeuza bega kidogo na kupita pembeni, bila kutazama, kama mtu anavyompisha mwenzake kanisani. Akabonyeza tena, yupo. Akabonyeza, hayupo. Akaifuta nakala nyepesi, akatengeneza nyingine mpya kutoka kwenye nzito, akasubiri dakika kumi na mbili. Yupo.

Aliogopa, tena sana, lakini dawa aliijua. Kazi ya mwisho siku zote hutoka kwenye nzito. Angebonyeza mara moja, atoe video safi isiyo na mtu yule, na habari ingeishia hapo. Alikuwa ameshashika kitufe aliposikia mtu akivuta pumzi nyuma yake. Mama Valerian alikuwa ameingia bila hodi.

"Yule ni Valerian," alisema.

"Mama..."

"Geuza nimwone uso."

"Haigeuki, mama. Hii ni picha tu." Akamwonyesha ile nzito, akidhani itamtuliza. Mama Valerian aliitazama ile nafasi tupu na watu wanaoipisha, akatikisa kichwa.

"Hiyo siitaki. Nipe ile ya ukungu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi Apolonia alimpa mteja picha nyepesi, akamtilia kwenye flashi. Alijiambia anamhurumia mfiwa. Nami nadhani alitaka pia kitu kile kitoke nyumbani kwake.

Siku nane baadaye walikutana kisimani asubuhi. Mama Valerian alikuwa anatabasamu.

"Anageuka," alimnong'oneza.

"Nani, mama?"

"Siku ya kwanza alikuwa anatazama kaburi. Juzi nikaona sikio. Leo nimeona shavu, ila limefunikwa na vumbi."

Apolonia aliacha ndoo pale pale, akakimbia nyumbani, akafungua nakala iliyobaki kwenye kompyuta. Mgongo ule ule, bega lile lile. Kwake hakuwa amegeuka hata kidogo. Na hapo ndipo alipoogopa hasa, kwa sababu ni yeye peke yake upande ule wa kijiji aliyejua uso gani unakuja.

Alimkuta mama Valerian amefunga madirisha, kigoda amekisogeza hadi kwenye televisheni, amevaa kitenge kipya na kupaka mafuta. Kwenye kioo mstari wa waombolezaji ulikuwa unasogea.

"Mama, nirudishie flashi. Nakuomba."

"Kaa, mwanangu. Amebaki kidogo."

"Mama, mimi nilimwona!" Ilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Walipomtoa. Walipofunua turubai nilikuwa pale. Ndiyo maana wazee walifunga jeneza. Usimtazame, mama. Mkumbuke alivyokuwa."

Mama Valerian alimgeukia polepole. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe ulimwona?"

"Ndiyo."

"Na ukaweza kurudi nyumbani, ukapika, ukalala?"

Apolonia alinyoosha mkono kwenye flashi.

"Wewe ulipata kumwona," alisema mama Valerian, "mimi niliyemzaa nikazuiwa." Akamshika mkono, akamkalisha sakafuni kando yake.

Waya wa televisheni ulikuwa karibu na goti la Apolonia. Angeweza kuuchomoa. Aliutazama, akatazama mkono wa yule mama uliokaza kwenye mkono wake, na akashindwa. Kwenye kioo katekista alitupia udongo akapita. Apolonia alifumba macho. Akahisi ule mkono ukishtuka mara moja, ukakaza mpaka mifupa ikamuuma, kisha ukalegea. Halafu akamsikia mama Valerian akisema, taratibu, kama anaongea na mtoto aliyeanguka akicheza uani:

"Pole, baba. Umeumia kweli. Njoo."