Katekista Aliyeishiwa Majibu

Saa tatu asubuhi, ukungu wa Juni bado umeikalia milima ya Vidunda, na Filomena Optatus tayari amemaliza ngwe yake ya palizi katika shamba la miwa Ruhembe. Ana mkono mwepesi. Wenzake huapa kwamba siku moja walilikuta jembe lake limeshaanza kulima, mwenyewe bado yuko nyumbani anakunywa uji.

Haendi kupumzika. Anaingia ngwe ya jirani, ya Tumwagile, na kuanza kuparua nyasi bila neno.

"Katekista," anachokoza Vaileth kutoka mstari wa pili, "hiyo ya bure watakulipa mbinguni?"

"Na huko wakichelewesha, nitarudi kukukopa wewe."

Vaileth anacheka. Tumwagile hacheki.

Filomena, mwenye umri wa miaka 58, ni katekista wa kigango. Kazi hiyo haina mshahara. Jembe ndilo linalomlisha, shilingi elfu saba kwa ngwe. Padri hufika mara moja kwa mwezi akitokea Mikumi. Jumapili nyingine zote, mahubiri ni yake.

Tumwagile ni binti yake wa kiroho. Alimfundisha dini tangu usichana, akamsimamia ubatizo na kipaimara, akamfunda kabla ya ndoa. Kila swali lilikuwa na jibu katika katekisimu, na Filomena aliyajua yote kwa moyo.

Masika ya mwaka jana mto ulifurika, ukamchukua Lusekelo, mtoto pekee wa Tumwagile. Kaburini, Filomena alisema aliyofundishwa kusema: Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

"Usimsingizie, mama," Tumwagile alimjibu mbele ya waombolezaji. "Aliyetwaa ni mto."

"Nilirudi kwenye katekisimu," anasema Filomena. "Nilipekua yote niliyosomea. Majibu yapo, tena mazuri. Lakini utampaje mtu jibu naye mikono bado ina udongo wa kaburi la mwanawe?"

Tangu siku hiyo Tumwagile hajakanyaga kanisani. Wazee wa kigango wananung'unika: mlezi gani wa roho huyu, anayelima kimya badala ya kufundisha? Jumapili hii ni ibada ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko. Wamemtaka Filomena ahubiri kwamba yale yalikuwa mapenzi ya Mungu, la sivyo watamwomba padri katekista mwingine.

Mchana, wakila mihogo ya kuchemsha kando ya miwa, anamweleza Tumwagile alichoamua.

"Nitasema Mungu alilia pamoja nasi, maana hilo naliamini. Kwa nini mtoto alikufa, nitasema sijui. Hapo nitaishia."

"Watakuondoa, mama."

"Najua."

Tumwagile anatafuna polepole, macho chini. Muhogo unaisha mkononi.

"Kuingia, siingii," anasema hatimaye. "Nitasimama nje, dirishani."

Filomena ananyanyuka na kushika jembe.

"Basi nitapaza sauti."