Niligawa faili za RSI kwa ndugu kama ng'ombe, Mwanza wakanicheka

Wakuu, mwangaluka. Hili limenikuta mwenyewe, na binamu yangu Shija yumo humu jukwaani, nikiongeza chumvi atanisuta.

Niko Bariadi mjini, natrade forex. Nina script, kijiprogramu kinachovuta bei na kukokotoa indicators, vile vipimo vya soko. Ninayoipenda ni RSI, ile namba inayopanda na kushuka kukuonyesha soko limezidisha kununua au kuuza.

Kila kitu nilihifadhi kwenye faili za CSV, yale majedwali ya kawaida yanayofunguka kwenye Excel. Mlinishauri humu humu niweke database, nikawajibu kwa nyodo. Mnisamehe.

Sasa kwetu Usukumani mtu haweki ng'ombe wote nyumbani. Anawagawa kwa ndugu wamfugie. Baba husema, "Weka wote zizi moja, ugonjwa ukiingia unabaki na kamba."

Nikaona hiyo ndiyo backup!

Faili ya euro nikabaki nayo. Ya yen ikaenda kwa shemeji kule Mwamapalala. Ya dhahabu nikampa Shija, ana stationery pale Nyalikungu. Na kwenye laptop yangu nikafuta, maana ng'ombe akihama amehama. (Msicheke bado.)

Akatokea bosi mmoja Mwanza, ana kundi la traders, anatafuta mtu wa kusimamia data zao. Wakuu, kazi ile niliitaka mpaka nikafunga na kuomba. Nilishachoka kuishi kwa kuviziana na soko.

Siku ya usaili bosi akasema, "Nionyeshe siku ambazo RSI ya dhahabu na ya euro zote zilikuwa chini ya thelathini."

Nikampigia Shija, akanitumia faili. Nikachora chati mbele ya watu.

Mstari ulianzia chini kabisa, ukapanda mpaka juu. Haukushuka hata mara moja.

Bosi akauliza, "Kijana, hii dhahabu ya wapi isiyoshuka?"

Nikapiga tena simu, loudspeaker.

"Binamu, zile namba zilikaa shaghalabaghala," Shija akajibu kwa furaha. "Nimekupangia ile safu, ndogo mpaka kubwa. Wala usinishukuru."

Tarehe alikuwa ameziacha palepale. Chumba kizima kilicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Bosi alipomaliza kufuta machozi akanipa nafasi mpaka Jumatatu.

Nikarudi Bariadi, nikavuta bei upya, nikakokotoa upya, nikatia kila kitu kwenye database ya SQLite. Shija safari hii nimempa nakala tu, faili mama ninalo mimi.

Jumatatu bosi akauliza swali lilelile. Query moja, yaani swali moja kwa database, siku zote hizo hapo, hata soda hajafungua.

Kazi nikapata!

Nilichojifunza: CSV si mbaya, kwa kutunza bei ghafi au kumtumia mtu inatosha. Ila ukianza kuuliza maswali yanayounganisha vitu viwili, hamia database. Na nakala maana yake cha kwako kinabaki.

Jana nimeripoti kazini. Nikaomba data za kundi nianze kuzihamisha.

Bosi akakohoa kidogo. Dhahabu iko kwa mke wake. Euro iko kwa shemeji yake Geita. Yen ilikuwa kwenye simu iliyodumbukia chooni.

Wakuu, huyu mtu namcheka nikiwa bado kwenye majaribio, au nasubiri mkataba kwanza? Shusheni maoni.