Midomo ya Zambarau

Miaka ya tisini kaka yangu, fundi seremala, aliugua ukimwi. Kinywa kilimjaa vidonda, hata uji wa vuguvugu ulimtoa machozi. Zahanati yetu hapa Mpanda ilikuwa na dawa moja tu, ile ya zambarau. Nilimpaka kwa pamba asubuhi na jioni, na rangi yake haikutoka hata kwa sabuni.

Nsemulwa nzima, mtaani kwetu, waliijua rangi ile. Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Walimtazama midomo, basi, wakajitenga. Kanisani tulipokaa, benchi zima lilihamia upande wa pili, tena huku wanaimba habari za upendo!

Jumapili iliyofuata nilimpaka yeye, kisha nikasimama mbele ya kioo nikajipaka na mimi, taratibu, mdomo wa juu na wa chini. Tukaingia kanisani tumeshikana mikono. Mama mmoja wa kwaya akaninong'oneza, "Dada, hata wewe?"

Nikamjibu kwa sauti iliyofika madhabahuni: "Hata mimi. Haya, hameni! Ila na hayo mabenchi mnayokimbilia, kayatengeneza yeye."