Rangi za Harusi ya Yaya Riziki

Mimi ndiye niliyefuta rangi za harusi ya yaya Riziki, dada yangu mkubwa. Si mvua, si moto, si mwizi wa sokoni. Ni mimi, kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na nilikuwa nimevaa tai.

Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Najua bado niko école, shuleni kama wewe, na ndevu zangu zinahesabika hata na mtu asiye na miwani. Lakini mjomba amesema likizo hii kamera inapita kwako, na anayepokea kamera lazima apokee na maneno ya aliyetangulia kuwaharibia watu siku. Kwa hiyo kaa hapo, mzee wako aseme.

Kamera yenyewe umeiona pale studio ya mjomba, karibu na soko la hapa Baraka. Juu rangi ya fedha, chini ngozi nyeusi, na vile vigurudumu vyenye namba, kama zile walizobeba wapiga picha wakati koko, bibi yetu, alikuwa msichana. Sura ni ya zamani, tumbo ni la leo. Haina filamu, wala haina kile kioo kinachorukaruka ndani ya kamera kubwa, ndiyo sababu ni nyembamba na haina kelele. Niisifu kwanza, inastahili. Kanisani nilipiga picha katikati ya maombi na hakuna aliyefungua jicho. Wazee nao wanaipenda. Ukimwelekezea koko simu, anageuza uso, anaogopa utamtupa mtandaoni. Ukiinua hii, anavuta kitenge vizuri, anaweka mikono juu ya magoti, anakaza shingo kama yuko mbele ya pazia la studio. Halafu anauliza picha itasafishwa lini. Nilimwambia baada ya wiki mbili, nisimharibie furaha.

Mabaya yake pia uyajue. Haina mahali pa kushika. Jua la Baraka likikutoa jasho, inateleza mkononi kama samaki aliyetoka tu ziwani. Betri ni ndogo na inaisha upesi. Ukiitia mfukoni, vigurudumu vinajigeuza vyenyewe. Lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba ni nzuri kupita kiasi. Ukiivaa shingoni unaanza kutembea kama mtu mwingine. Mimi siku ile nilitembea hivyo.

Sasa, harusi za kwetu unazijua. Kila upande na kitenge chake, ili hata mpita njia ajue nani ametoa binti na nani amekuja kumchukua. Mama yangu, ambaye anauza ndagala, dagaa wa ziwani, na hana muda wa mambo mengi, alizunguka soko lote mpaka akapata kijani kimoja chenye ndege wa njano, cha kutosha bamama wote wa upande wetu. Bakwe, ndio wakwe zetu, walitoka Kazimia kwa boti, wamevaa nyekundu ya matofali. Riziki alikuwa anaolewa huko, na katika watu wale hakumjua vizuri hata mmoja zaidi ya bwana wake. Mama hakulisema neno hilo kwa sauti, ila wiki nzima alikuwa anaunguza maharagwe.

Asubuhi ya harusi alinishika bega. "Upige bantu bote pamoja," aliniambia. "Riziki ataitundika kule Kazimia. Siku roho inamuuma, aangalie ile kijani, ajue iko na bantu yake."

Nikasema ndiyo mama, ndiyo mama, macho yangu yako kwenye tai.

Mjomba naye alikuwa ameniagiza mawili. La kwanza, nisiguse kigurudumu cha rangi. La pili, niache kamera itunze kila picha mara mbili: ile iliyoiva, na ile mbichi. Ile mbichi ni nzito, lakini inabaki na rangi zote hata kama mpiga picha ni mjinga. Mwanangu, kamera ilikuwa imenifikiria kabla sijazaliwa. Lakini kadi ilikuwa imejaa. Ilijaa nini? Sura yangu. Mimi nikiwa karibu na pikipiki ya jirani, mimi nikitazama ziwa kama nimelinunua. Sikutaka kufuta hata moja, kwa hiyo nikazima ile mbichi ili nafasi itoshe.

Watu walipopangwa mbele ya nyumba, nikageuza kigurudumu nikapata nyeusi na nyeupe. Niliona kabisa katika kijidirisha kwamba rangi zimeondoka, nikapenda. Nilijiona bwana mkubwa wa picha. Nikajiambia mjomba atazirudisha, nikiwa nimesahau nilichokizima mwenyewe saa moja tu kabla.

Kesho yake studio, mjomba alifungua ordinateri, kompyuta yake ya kazi, akatazama, akatafuta ile mbichi, akatafuta tena. Kijani cha mama na nyekundu ya bakwe vilikuwa vimegeuka jivu moja. Hakupandisha sauti.

"Ungepiga mubaya ningekuchapa," alisema. "Umepiga muzuri. Sasa mi nifanye nini?"

Na boti ya Riziki ilikuwa inaondoka asubuhi inayofuata.

Mama akaingia, harufu ya ndagala imemfuata mpaka ndani. Nikawahi kumwambia kwamba sasa Kinshasa yote inapiga hivi. Aliinamia ile picha ya watu wote, ambayo mjomba alikuwa ameitoa kwenye karatasi ya kujaribia, akaanza kupitisha kidole juu ya nyuso, akitafuta watu wake. Huyu wetu. Huyu wao. Huyu, sijui. Nilitamani anitukane, ningejua pa kuangalia. Akafika kwa Riziki, ambaye alikuwa analia, na kando yake mwanamke aliyeinama, uso umefichwa na kilemba, anamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe.

"Ule ni mama mudogo wako," akasema, na sauti ikalainika. "Nilijua tu. Hawezi kuacha Riziki alie."

Mama mdogo wakati ule alikuwa nyuma ya nyumba anagawa wali, nilikuwa nimetoka tu kumpiga picha huko akinifukuza kwa mwiko. Nikamwambia mama polepole: yule aliyeinama ni mukwe. Ni mama wa bwana wa Riziki.

Mwanangu, usije ukaniambia basi kosa lilikuwa zuri. Kile kijani hakikurudi, na mama alikitafuta soko zima. Kwa hiyo sikiliza. Kabla hujainua kamera, muulize mwenye siku picha ni ya kazi gani, kisha upige ile ya kwake; ya kwako utapiga siku nyingine. Futa sura yako kwenye kadi kabla hujafuta ya watu. Acha ile mbichi iwake, na ukanda uuzungushe mkononi. Ukijiona mzuri sana, vua hiyo kamera kidogo, unywe maji.

Na Mungu akutunze, betri yako isife bibi arusi akifungua mdomo kusema ndiyo, na watu wakikuona unakuja na kamera, wafurahi.

Mama alikaa kwenye kile kiti cha wateja, picha magotini, mpaka mjomba akazima feni upepo usimsumbue. Halafu mama akanitazama, na alichosema ni hiki:

"Unitolee mbili. Moja Riziki aende nayo, na Mungu aende naye. Ingine ibakie kwangu. Siku nikianza kuogopa, nitaiangalia tena, nione kama nitajua mugeni iko wapi."