Njoo Polepole, Mara Mbili

Shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, ndiye mtu mwenye haraka kuliko wote niliowahi kuishi nao. Chai anainywa amesimama. Akikutuma dukani, kabla hujapata viatu vyako keshakwenda mwenyewe na kurudi, na bado atakulaumu kwamba umechelewa. Ukistaajabu hayo, subiri usikie kwamba mtaa mzima unamwita Mama Polepole.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akifua na kukunja shuka katika hospitali ya akina mama wajawazito, kwenye chumba cha chini kabisa chenye mashine tatu kubwa, meza ndefu ya kupigia pasi, na joto la kumvua mtu koti pamoja na heshima yake. Juu ya chumba hicho ipo wodi ya kujifungulia. Kati ya juu na chini kuna tundu ukutani, pana kama dirisha la choo, lenye kifuniko cha bati. Wauguzi hutupa humo shuka chafu, zikateleza mpaka chini na kuangukia kwenye kapu la turubai. Tundu hilo halikuchagua cha kupitisha. Shuka zilishuka, na sauti ya shangazi ilipanda.

Wimbo wenyewe haukuwa wake. Hili amewaambia watu mpaka mate yakamkauka. Ulikuwa wimbo wa zamani wa redioni, wa bwana mmoja anayemngoja mpenzi wake, na shangazi aliusikia alipokuwa msichana wa kuosha vyombo kwao. Alipoajiriwa hospitali alipangiwa kukunja shuka na mwanamke mmoja mrefu, mkavu, mchache wa maneno, ambaye kila mtu alimwita Mlingoti. Sasa, shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja ikakaa sawa. Wawili hushika pembe, wakaivuta, wakaikung'uta, wakaikunja kwa urefu, kisha wakaendeana mpaka mikono ikutane. Mmoja hukabidhi pembe zake, huinama kushika pale shuka ilipojikunja chini, hurudi nyuma, na kukutana tena na mwenzake. Hatua moja ya Mlingoti ilikuwa mbili za shangazi. Wakawa wanagongana vichwa, shuka zinatoka zimepinda, na msimamizi hanyamazi. Siku ya tatu shangazi akaanza kuimba, si kwa furaha bali kwa hasira, ili yule mrefu ajue lini aondoke na lini afike.

Mlango nimeuacha wazi,
kiti chako nimekipangusa,
njoo polepole, hakuna haraka,
njoo polepole, hakuna haraka.

Redioni ule mstari wa mwisho uliimbwa mara moja tu. Lakini wakunja shuka hukutana mara mbili, na shangazi hakuwa na maneno ya safari ya pili, basi akaurudia. Lilikuwa kosa, na kosa hilo ndilo lililoufanya wimbo kuwa wake.

Hebu fikiria mwanamke aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, jasho linamtiririka, halafu ukutani inatoka sauti inayomwambia mtoto aje polepole, hakuna haraka. Wengine walitulia hadi wakalia. Wengine walitukana. Yupo mmoja, mwenye mimba ya mapacha, aliyeinua kifuniko cha bati na kupiga kelele kwamba haraka ipo, tena ya kutosha, na huyo wa chini aache kuwasemea wenzake. Ila wote walipotoka na watoto walitoka na wimbo pia, wakaenda kubembelezea nao nyumbani, na ndiyo maana watoto wa mji wetu wamelala kwa mistari minne badala ya mitatu. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye wodi ile. Niliusikia wimbo huo kabla sijalisikia jina langu.

Siku moja redio ya wodini ikaupiga wimbo wenyewe kwa sauti ya mwenyewe. Mkunga mkuu, mama mzito asiyependa kazi ya ubabaishaji, alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema yule bwana ana sauti nzuri ila amemwiga Mama Polepole vibaya, karuka mstari. Shangazi alipopata habari alipanda ngazi mbio kwenda kueleza kwamba mwenye mali ni yule na mwizi ni yeye. Hakuna aliyemwamini. Walidhani anajishusha, wakampenda zaidi. Mkataa wengi ni mchawi, kwa hiyo akawaacha. Lakini jioni ile nilimkuta anafagia ua uliokwisha kufagiwa, na alikuwa anatabasamu peke yake.

Mwaka huu shingo yake ikaanza kuvimba upande mmoja. Alipopelekwa hospitali kubwa daktari alimweleza kila kitu bila kumficha: uvimbe hauna ubaya lakini lazima utolewe, na mshipa wa sauti unapita jirani kabisa na kisu. Uvimbe ulitoka salama. Kovu likapona likawa kama mkunjo wa kawaida wa shingo. Sauti ndiyo iliyobaki nyuma. Iliporudi ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, kama ufagio wa fito kwenye sakafu ya saruji, na daktari alisema hatarajii ibadilike sana.

Wakati huo nilikuwa naishi kwake, mume wangu akifanya kazi mbali, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Tangu siku niliyomwambia nina mimba, shangazi alikuwa na ahadi moja asiyochoka kuirudia: siku yangu ikifika atakuwa kule chini, na ataniimbia kama alivyomwimbia mama yangu. Baada ya operesheni hakuitaja tena. Hakutaja karibu kitu chochote. Alitaka chai, aligonga kikombe kwa kijiko. Alitaka nifunge dirisha, alilinyooshea kidole. Likizo yake ya ugonjwa ikaisha, wiki ikapita, ya pili ikapita, naye hakurudi kazini.

Mlingoti alikuwa akija kila Alhamisi. Walikaa sebuleni, mmoja hajui kuongea na mwingine hataki, wakatazamana mpaka chai ikapoa. Alhamisi ya tatu Mlingoti alijitahidi akasema amepewa msichana mpya wa kukunja naye, mtoto mzuri, ila shuka zimeanza kupinda. Mlingoti alipoondoka, niliona bahasha kwenye kopo la vifungo, na sikuwa na haja ya kuifungua kujua ni barua ya kuacha kazi.

Nilikasirika. Najua hasira za mjamzito hazihesabiki, lakini zile zilikuwa zangu kabisa.

"Shangazi, wewe uliajiriwa kufua," nilimwambia. "Nani aliyekuajiri kuimba?"

Aliendelea kupanga vifungo, vyeupe upande huu, vyeusi upande ule.

"Zinazofua ni mashine, mwanangu," akasema kwa mikwaruzo. "Aliyekuwa akingojewa pale ni yule wa tunduni. Huyo hayupo."

Niliingia chumbani nikalia. Nililia kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia, maana nilikuwa naogopa kuzaa, na ile ahadi nilikuwa nimeiegemea kuliko nilivyomwonyesha.

Uchungu ulinishika Jumanne asubuhi nikianika nguo. Hapo shangazi akawa shangazi: mkoba begani, mimi mkononi, na mlango tuliufunga au hatukuufunga mpaka leo hatuna hakika. Mlangoni mwa wodi alinibana mkono kwa nguvu. Alisema atakuwa chini, anamkabidhi Mlingoti funguo za kabati na kitu kingine. Hicho kitu kingine nilikiona kimechungulia kwenye mkoba. Akashuka bila kuniangalia usoni.

Tulikuwa wanne wodini. Kitanda cha jirani alikuwepo muuza mitumba, mzazi wa watoto watatu, aliyekuja kumchukua wa nne kama mtu aliyekuja kuchukua kifurushi chake posta. Kila uchungu ulipomwachia alitega sikio kwenye tundu. Hatimaye akauliza yule Mama Polepole leo kaenda wapi, kwa sababu watatu wote amewazaa naye, na huyu hana mpango wa kumzaa kimyakimya. Nikamwambia ni shangazi yangu. Nikamweleza habari ya shingo, ya sauti, na ya bahasha, nikikatizwa na uchungu kila baada ya sentensi mbili.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashuka kitandani, mkono mmoja kiunoni, akaenda ukutani, akainua kifuniko cha bati na kuanza kuuimbia ule wimbo chini tunduni. Mkunga mkuu akamwamuru arudi kitandani. Akamjibu kwa adabu kwamba atarudi akimaliza. Mwanamke wa kitanda cha tatu akadakia, wa nne akafuata, na mkunga mkuu, ambaye ameusikia wimbo ule miaka mingi kuliko sisi sote, na yeye akaingia. Mimi niliimba pale nilipoweza. Tuliimba vibaya sana. Uchungu haujui mwendo. Kila mmoja alikuwa anaukimbiza wimbo auwahi kabla maumivu hayajamrudia.

Tuliuzungusha mara mbili. Mara ya tatu, tulipofika kwenye mstari wa mwisho, ule wa kurudia, tundu likajibu.

Sikuijua ile sauti mara moja. Ilikuwa ya chini, imekwaruzika, na ilikuwa nyuma yetu kwa hatua nzima. Haikujaribu kutufikia. Iliuvuta mstari taratibu, neno baada ya neno, na sisi tukanyamaza tuisikilize. Ilipoanza tena mwanzo, tuliifuata kwa mwendo wake. Muuza mitumba alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nilijikuta napumua jinsi mkunga alivyokuwa akinihimiza nipumue tangu asubuhi.

Yaliyotokea chini alinisimulia Mlingoti, na ni hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Alisema shangazi alikuwa ameshaweka bahasha juu ya meza ya pasi na anafungua funguo kiunoni pale wimbo ulipoanguka kutoka juu. Alisimama tu. Mlingoti akachukua shuka kavu akamkabidhi pembe mbili. Wakaivuta, wakaikung'uta, wakaanza kuendeana. Lakini wale wa juu walikuwa wanakwenda kasi hata mstari wa kukutana uliisha wao wakiwa bado njiani. Mara ya pili hivyo hivyo. Shuka ikapinda. Shangazi akaitazama, akakunja uso, akasema warudie, na walipoanza kuendeana akafungua kinywa.

Nilimuuliza Mlingoti ile bahasha imekwenda wapi. Akasema kwa bahati mbaya iliingia kwenye mashine pamoja na foronya. Katika miaka thelathini na moja Mlingoti hajawahi kuingiza kwenye mashine hata leso ya mtu kwa bahati mbaya.

Mtoto wangu alizaliwa saa nane na nusu mchana, msichana, amekasirika kupita kiasi. Shangazi alipanda kuja kumwona, na nilichokitazama kwanza ni aproni: alikuwa ameivaa, na kamba ameifunga kabisa. Alimpokea mtoto akamweka begani, mkono wake ukimpapasa mgongo taratibu kama mtu asiye na pengine pa kwenda.

"Nimekusikia, Shangazi," nilimwambia.

"Na mimi niliwasikia," akasema kwa ile sauti yake ya ufagio, akimnong'oneza mtoto zaidi kuliko mimi. "Mlikuwa mnakwenda mbio mno. Ningewaacha hivyo, shuka isingekunjika."