Maji Mepesi

Peninah alianza kuogopa mkono wake wa kulia mwezi wa tatu baada ya mumewe kuanguka.

Muriuki alikuwa akipogoa kahawa asubuhi, kiharusi kikamlaza kati ya mistari miwili ya miti. Hospitalini walimrudisha kwetu Githongo akiwa na nusu ya mwili na maneno machache sana. Mtaalamu aliyemfundisha Peninah kumlisha alirudia jambo moja mara tatu. Koo la mzee limesahau kazi yake, alisema. Chochote chepesi, iwe maji, chai au supu, kitapotea njia kiingie mapafuni, na kinaweza kumuua. Kila anachokunywa kiwe kizito, kishike kijiko. Hata maji walimpa unga wa hospitali wa kuyafanya mazito.

Na neno ambalo Muriuki alibaki nalo vizuri kuliko yote lilikuwa hilo: "Maji."

Alilisema akiamka. Alilisema akigeuzwa kitandani. Yale mazito aliyatema. Alitaka maji ya kawaida ya mtungi, na mtungi ulikuwa pale pale pembeni, anauona.

Mkono ule wa kulia una kidole kilichopinda. Muriuki alikivunja kwa mpini wa jembe mwaka ambao binti yao, Kendi, alikuwa darasa la pili. Sisi majirani tulisikia. Tulisikia mara nyingi, kwa miaka mingi, na kesho yake tulimsalimia Peninah njiani kama kawaida. Sasa Kendi ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye mashamba ya maua Timau, na nyumbani wamebaki wawili hao.

Siku moja tukichuma kahawa Peninah aliniambia, bila kunitazama.

"Jana nilichota maji, Mwalimu. Ya mtungi. Nikaweka kikombe kwenye stuli kando ya kitanda. Sikumpa. Nilikiweka tu. Nikaenda kusimama mlangoni kumtazama ng'ombe."

"Halafu?"

"Nikasikia kucha zake zikikwaruza kikombe." Alichuma tunda moja, akalishika. "Nilirudi nikayamwaga. Lakini sikurudi mbio. Nilirudi nikitembea."

Nilimwambia Mungu atamtia nguvu. Maneno ya kuokota. Yeye aliitikia amina na tukaendelea kuchuma, na mimi nikawa nautazama ule mkono ukiingia na kutoka kwenye majani.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Zamani alikuwa akikariri "usitutie majaribuni" huku akiwaza chakula cha mchana, kama sisi wengine. Sasa akifika hapo kanisani sauti ilimkauka, nasi tuliosimama karibu naye tulisikia pengo. Alikwenda kwa Beth, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, akamwomba amwombee, ana jaribu.

"Jaribu gani? La mwili?" Beth aliuliza.

"Mama, la mwili nikiwa na miaka hamsini na minane?"

Walicheka wote wawili, mpaka Beth akafuta machozi. Wakaomba kwamba jaribu liondoke. Halikuondoka. Peninah alirudi nyumbani na siri yake ikiwa imeiva zaidi.

Jumapili moja baada ya ibada tulikwenda kumwona mgonjwa, akina mama sita. Peninah alikuwa ametupikia viazi vitamu na chai ya maziwa, thamosi mbili. Kiende, dada yake Muriuki, alikuwa amefika kutoka Muthara alikoolewa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja tangu kaka yake augue, na aliongea sana, kama mtu aliyechelewa.

"Ona huyu!" alisema. "Umenona kuliko sisi tunaolima! Mke wako anakulisha nini, siri?"

Tukacheka. Muriuki naye alivuta upande mmoja wa mdomo. Kisha akasema, "Maji."

"Maji ya nini na chai ipo?" Kiende alimimina kikombe, akakipuliza. "Kwetu mgeni hanywi chai mwenye boma akitazama tu. Njoo, ndugu yangu." Akaingiza mkono chini ya kichwa chake, akamwinua.

Peninah alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na sinia ya viazi. Hakuna aliyemwomba afanye lolote, na hapo ndipo palipokuwa na hofu yote. Kumuua Muriuki siku ile hakukuhitaji mkono wake. Kulihitaji anyamaze kwa muda wa kumeza mara mbili. Angelia kilio cha wajane, na kikombe kingekuwa cha Kiende.

Akanitazama. Katika chumba kile chote ni mimi peke yangu niliyejua anachokijua. Nilikuwa na kiazi mdomoni. Ningeweza kukitema niseme. Nikaendelea kukitafuna. Hata leo sijui nilikuwa nikingoja nini.

Kikombe kikagusa mdomo wa Muriuki. Sinia ikaanguka. Peninah aliruka na kukipiga kile kikombe, chai ikammwagikia Kiende mapajani.

"Una wazimu?" Kiende alipiga kelele. "Hata chai unamnyima? Mtu ndani ya nyumba yake mwenyewe?"

"Itamuua. Koo lake halishiki kitu chepesi." Peninah alisema. "Na nilijua, Kiende. Nilikuacha mpaka ikafika mdomoni."

"Ulijua nini?"

"Nimetaka afe. Si leo tu."

Katika kikundi chetu ushuhuda huishia kwa "Bwana asifiwe," na wote huitikia. Siku ile hakuna aliyejua pa kuliweka neno hilo. Beth alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hili ndilo uliloniletea?"

"Ndilo."

"Nami nikacheka." Beth akaketi.

Kiende alikuwa tayari anakunja blanketi. "Namchukua. Halali hapa hata siku moja."

"Mchukue," Peninah alisema. "Lakini ni saa yake ya kula. Mlishe kwanza, nikuonyeshe."

Akamletea uji mzito wa wimbi. Kijiko cha kwanza Kiende alikijaza mno. Muriuki akakohoa, uso ukabadilika rangi, macho yakamtoka, nasi tukasimama wote. Peninah alimwinamisha mbele, akamshika kidevu mpaka pumzi ikarudi. Kiende akaacha kijiko bakulini.

"Siwezi," alisema, na akaanza kulia.

Peninah akakichukua. Muriuki alikuwa amesikia kila kitu. Aliutazama ule mkono, kidole kile kilichopinda juu ya kijiko, na akafunga mdomo. Niliijua hofu ile machoni mwake. Nilikuwa nimeiona miaka mingi kwa mkewe, kila aliposikia hatua za mumewe njiani.

"Baba Kendi," Peninah alimwambia, "usikubali mtu akupe chepesi. Hata mimi. Ukiniona nimeleta, funga mdomo hivyo hivyo."

Alingoja, kijiko hewani. Hakumbembeleza. Uji ulikuwa umeanza kufanya utando juu Muriuki alipofungua mdomo.

Kiende alirudi Muthara peke yake. Peninah haombi tena jaribu liondoke. Anasema lisingekuja asingejua ni nani anayeishi ndani yake, na kwamba sasa kwa kuwa anamjua hathubutu kumwacha peke yake na mgonjwa. Ametuomba tuje kwa zamu, mmoja kila jioni.

Zamu yangu ni Jumanne. Muriuki bado anaomba maji. Jioni za kwanza niliketi mlangoni, siku hizi siketi huko. Naketi karibu na kitanda na kutazama kijiko, na Peninah, kabla ya kukiinua, hugeuka kwanza kuona kama ninatazama.